Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 10 Machi 2025

Asubuhi: ukungu mzito. Mvua ya jana bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Nikisimama mlangoni siioni nyumba ya jirani. Ziwa halipo. Mji haupo. Kilima chetu chote cha Makindye kinaelea hewani, na sisi ndani yake, mimi na Mama na jerikeni mbili.

Sikulala vizuri. Niandike hapa ili jambo hili liache kuzunguka kichwani.

Nanyama amesimamishwa kazi tangu Jumamosi. Ghala la vitabu vya shule tunalolinda kule Kibuli liliingiliwa usiku wa Ijumaa. Zimechukuliwa kompyuta mbili na mashine ya kutolea nakala. Hakuna kilichovunjwa. Mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa ufunguo wake wenyewe, na asubuhi ufunguo ulikutwa ukining'inia kwenye kufuli. Zamu ya usiku ilikuwa ya Nanyama. Kitabu cha matukio kinasema kwamba mimi, askari wa mchana, nilimkabidhi funguo tano saa kumi na mbili jioni. Chini yake kuna sahihi yake.

Yeye anasema alipewa nne.

Afande Okwera, msimamizi wetu, alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Zilikuwa ngapi? Nikamjibu: "Ni kama nilivyoandika, afande."

Maneno manne. Akasema sawa, akakata simu.

Sijui kwa nini mwandiko wangu leo umelala upande.


Jumanne, 11 Machi

Ukungu tena, lakini mwepesi. Saa moja kasoro ulipasuka katikati, likaonekana kanisa moja tu, paa lake, kama limewekwa juu ya pamba.

Basi niandike yote. Daftari hili hakuna anayelisoma. Mama bila miwani hasomi, na miwani yake imevunjika mkono.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Saa nzima kabla ya zamu kwisha. Nimekaa kibandani, kitabu kiko wazi. Nikaandika: "Saa 12:00 jioni. Nimemkabidhi Nanyama funguo tano, tochi moja, rungu moja, filimbi moja. Hali shwari."

Ndivyo ninavyofanya siku zote. Miaka sita sasa. Naandika mapema, mkono ukiwa umetulia na mwanga bado upo, ili zamu ikiisha nisikimbizane na kalamu. Ndiyo maana kitabu changu ni safi, hakina hata mstari mmoja uliokatwa. Afande huwaonyesha askari wapya. Tazameni, mtu wa kidato cha nne huyu, mtazame anavyoandika!

Saa kumi na moja na nusu lori likaja na maboksi. Nikautoa ufunguo wa mlango wa nyuma kwenye shada, nikafungua. Wapakuzi hawajamaliza, mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Tukakimbia — maboksi yasilowe! Nikarudisha mlango, nikabana kufuli. Mkono wangu unalikumbuka kufuli, ubaridi wake. Haukumbuki kuchomoa ufunguo.

Nanyama akafika amelowa hadi soksi. Nikampa shada la funguo. Hakuhesabu. Huniita kwa jina la mwanangu. Alisema, "Mama Akot, kitabu yako mimi sihesabu. Ni kama Biblia." Akatia sahihi. Tukacheka. Nikaja nyumbani.

Zilikuwa nne. Nilijua simu ilipolia. Nilijua kabla afande hajamaliza kuuliza.


Alhamisi, 13 Machi

Jua mapema, kali. Vumbi lina rangi ya matofali.

Afande Okwera amekuja lindoni. Alisimama mikono nyuma, kama bado yuko jeshini. Mwenye ghala ameogopa. Anataka kamera pande zote nne. Sisi askari tuko sita, na mwisho wa mwezi watabaki wawili.

Wengine walipotawanyika aliniita kando. Alianza kwa Kiacholi, kisha akahamia Kiswahili, ndivyo anavyofanya akitaka neno liwe la kazi. "Adoch, wewe usiwe na presha. Kitabu yako inakulinda."

Nikasema asante, afande. Asante!

Akot wangu yuko bweni, Gulu, kidato cha tatu. Mama ana miguu inayovimba. Kazi hii ndiyo nguzo tuliyonayo, hakuna nyingine iliyosimama nyuma yake. Najua nikisema kitakachotokea. Nisiposema pia najua.

Nanyama hajapokea simu yangu. Labda ni vizuri. Sijui ningemwambia nini. Miaka minne tumepokezana lile lango, jioni yeye, asubuhi mimi. Siku za baridi aliniachia chai kwenye chupa, na chapati amezifunga kwenye gazeti. Kwao ni Bungoma, hapa ana binamu mmoja tu.


Ijumaa, 14 Machi

Mawingu meupe, yametulia. Siku isiyo na upepo.

Abubaker, askari wa gereji ya ng'ambo ya barabara, amekuja kuketi kivulini kwangu. Amefunga, midomo imekauka kama karatasi. Mimi Kwaresima hii nimeacha sukari. Mwaka huu mifungo miwili imekutana, hata madereva wa bodaboda wanatukana kwa sauti ya chini.

Alinitazama nikiandika. Huniita nyabo, yaani bibi. "Nyabo, wewe si askari. Wewe ni karani ya malaika. Siku ya kiyama watakuja kuazima hiyo kitabu."

Nikacheka.

"Lakini Nanyama, banange, jamani! Mtu alikuwa anarudisha hata msumari. Akiokota msumari, anauliza ni wa nani. Nani angejua?"

Hakusema ili anichome. Ndivyo alivyo, akiwa na njaa anaongea. Kisha adhana ya Ijumaa ikaanza juu mlimani, ikashuka polepole kati ya nyumba. Akajipangusa vumbi, akapanda kwenda msikitini.

Nikabaki na kalamu. Ilikuwa saa saba kasoro. Nikatazama ukurasa wangu. Saa nane: hali shwari. Saa kumi: hali shwari. Saa kumi na mbili: nimekabidhi, hali shwari. Zote nilikuwa nimeshaziandika. Saa tano za maisha yangu ambazo bado sijaziishi, na zote shwari!

Nilihisi kizunguzungu. Nikafunga kitabu. Kwa muda mrefu nilikuwa kama mtu aliyeamka kwenye kiti asikijue chumba.


Jumapili, 16 Machi

Asubuhi: mvua ndogo isiyo na sauti. Ndege wanaoga kwenye mfereji wa paa.

Siku yangu ya kupumzika. Nimetoa madaftari ya zamani chini ya kitanda. Nilitaka kujua kama kosa ni la kitabu cha kazi tu.

Si la kitabu cha kazi tu.

Nimekuta Jumapili nyingi zimeandikwa kwa wino wa Jumamosi. "Nimekwenda kanisani. Nimesali kwa utulivu." Nimekuta Krismasi ya mwaka juzi imeandikwa tarehe ishirini na tatu. "Tumekula vizuri, Akot amefurahi." Siku yenyewe Akot alikuwa na malaria, alilala tu. Sikurudi kusahihisha. Hata siku ya maziko ya Baba nilikuwa nimeshaandika kichwa cha habari na mistari miwili ya kwanza. Nilidhani ni utaratibu. Watu wananisifia utaratibu.

Nadhani ni woga. Siku ikiandikwa mapema haiwezi kukuvamia. Lakini huingii ndani yake pia. Unapita pembeni, na ukigeuka imeshakwenda na watu wake.

Nimekaa na haya mpaka mchana. Mvua ilikuwa inashuka kama uzi, moja, moja. Mama akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, nafikiri. Akasema, "Fikiria na hizo maharagwe mkononi, chambua."

Nimeamua hivi: kuanzia kesho siandiki kitu kabla hakijatokea, si kazini wala hapa.


Jumanne, 18 Machi

Ukungu uliopanda taratibu kutoka upande wa ziwa, ukaingia mtaa kwa mtaa. Nilitembea ndani yake kwa miguu, kushuka Nsambya, kupanda Kibuli. Watu wanakuja kama wino unaosambaa kwenye maji, kisha wanakuwa watu, wanakuambia habari ya asubuhi, wanayeyuka.

Siku ya pili ya kutoandika mapema. Ni kitu kigeni sana. Kati ya saa na saa kuna mahali! Sikupajua. Gari linaingia, naandika. Gari linatoka, naandika. Halafu hakuna kitu, na nakaa humo ndani ya hakuna kitu. Leo niliona karoli, yule ndege mkubwa mwenye upara, akishuka kwenye ukuta wa ghala kama mzee anayeshuka ngazi. Alikaa robo saa. Niliona mwanga ukisogea juu ya lango, ukafika kwenye kutu, kutu ikawa dhahabu, kisha ikarudi kuwa kutu. Pumzi yangu ilikuwa ndefu. Nilijisikia mwepesi, karibu nilale macho wazi. Nikajiambia: Adoch, hii ndiyo amani wanayoisema.

Saa kumi Abubaker akapita. Anamtafutia shemeji yake chumba, na kuna kimoja kimebaki wazi Namuwongo. "Kile cha Nanyama," amesema. "Amehama. Yuko kwa binamu yake Kalerwe, anachambua vitunguu na nyanya. Wanalala wanne kwa chumba moja."

Basi. Mwanga ulikuwa bado kwenye lango, mzuri vilevile. Sikuweza tena kuutazama.

Amani niliyokuwa nayo asubuhi si yangu. Ni ya mtu mwingine, nimeikalia.


Jumatano, 19 Machi

Jua, upepo kidogo. Nguo zimekauka kabla ya saa nne.

Nitaandika jambo la aibu.

Baba alikuwa sajini. Kila aliporudi kutoka vitani, kabla hajaingia ndani, Mama alimwekea yai bichi mlangoni, kwenye zile kota za kambi. Kwetu Kitgum ndivyo inavyofanywa: mtu akikaa mbali muda mrefu anakanyaga yai kwenye lango la nyumba, ili alichokutana nacho huko kibaki nje. Nakumbuka buti lake, na ute ukitoka pembeni. Nakumbuka alivyolala baada ya hapo, siku mbili, mdomo wazi kama mtoto.

Leo tulibadilishana zamu, yangu ilianza saa sita mchana. Mama alikuwa uani kwa jirani. Nikachukua yai kwenye trei. Nikaliweka kizingitini, nikatoka nje, nikavua kandambili. Nikafunga macho, nikakanyaga.

"Nani amerudi?"

Mama! Amesimama kwenye kona na beseni la maji ya kufulia.

Nikasema hakuna.

"Hakuna? Basi yai ni ya nani hiyo?"

Nikasimama kwa mguu mmoja, ute unashuka vidoleni. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, na yunifomu.

"Mtu hajikanyagishi yai mwenyewe," amesema. "Unawekewa. Watu wanasimama, wanakuona. Na wewe ulienda wapi? Kibuli na kurudi?" Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka nami, kisha nikawa silii wala sicheki, kitu cha katikati. Akaacha. Akaweka beseni chini.

Nikamwambia. Lori, mvua, kufuli, simu. Maneno manne. Alisikiliza akiosha mguu wangu kwa maji ya nguo, kama nilipokuwa mdogo.

Mwishowe alisema, "Baba yako, kitu ilikuwa inamfuata kwa miguu. Yako iko kwa mdomo. Yai haifiki huko."

"Nikifukuzwa, Mama?"

"Tutafukuzwa wote. Mimi nimefukuzwa kambi tatu." Akapangusa mguu kwa kanga. "Na yai utarudisha kwa trei."


Alhamisi, 20 Machi

Mawingu ya chini, kijivu. Harufu ya mvua isiyoshuka.

Nimesema.

Afande Okwera alikuja kukagua saa nne asubuhi. Nilimpigia saluti. Nikasema: "Afande, funguo zilikuwa nne."

"Funguo gani?"

"Za tarehe saba."

Aliangalia barabarani muda mrefu. Mtu alikuwa anapita na mkokoteni wa miwa. Alisubiri mkokoteni upite wote.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna, afande."

"Kama hakuna mtu amekuuliza, unamjibu nani?"

Nikamweleza: niliandika saa kumi na moja, sikuhesabu, ufunguo ulibaki kwenye kufuli, na siku ile ya simu nilijua.

Alivua kofia, akaivaa tena. Sikumwona amekasirika. Nilimwona amechoka. "Ripoti nimepeleka, Adoch. Sahihi yangu iko pale. Ukitoa hii, mimi pia ni mjinga." Kisha akashusha sauti, akarudi kwenye Kiacholi, na hapo ndipo ikawa vigumu, kwa sababu alikuwa ananihurumia kweli. Una mtoto shuleni, akasema. Una mama. Sikia: mimi sijasikia kitu. Nenda ufikirie mpaka Jumatatu.

Ilikuwa pale, wazi kabisa. Ningeweza kusema ndiyo, afande. Niliona hata jinsi jioni ingekuwa, nyepesi, na chai.

Nikaomba kitabu.

"Kitabu hakifutwi!"

"Sifuti, afande. Naongeza."

Nikatazama saa ya simu. Nikaandika: "Saa 4:20 asubuhi. Mimi, Adoch, nasahihisha maelezo yangu ya tarehe 7 Machi. Funguo nilizomkabidhi Nanyama zilikuwa nne. Ya tano niliiacha kwenye kufuli la mlango wa nyuma. Sikuhesabu. Niliandika kabla ya saa." Nikatia sahihi. Mwandiko mbaya kuliko wote wa miaka sita. Umepinda kama wa mtoto wa darasa la pili.

Aliusoma mara mbili, midomo inacheza. Akakiweka kitabu kwapani. Akaita bodaboda. "Jumatatu, saa tatu. Ofisi ya mwenye ghala. Usichelewe."

Nikabaki lindoni bila kitabu. Gari limeingia, sikuandika. Gari limetoka. Niliyaangalia tu. Nilikuwa kama mtu aliyetua jerikeni kutoka kichwani: shingo bado inaungojea uzito.


Ijumaa, 21 Machi

Mvua kutwa.

Hakuna simu. Abubaker ameuliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia kimekwenda, na nikamwambia kwa nini. Alibaki ameketi kwangu mpaka jua likatua. Akafungua saumu yake kwa tende, akanipa moja. Sijui ilikuwa na maana gani. Nilikula. Ilikuwa tamu, na nilipokumbuka Kwaresima ilikuwa imeshafika tumboni.


Jumapili, 23 Machi

Asubuhi safi sana, iliyooshwa. Ziwa limeonekana lote, mpaka visiwa, kama limesogezwa usiku.

Nimekwenda soko la Kalerwe. Tope hadi kifundo cha mguu, mtaro umefurika, watu wanauza hivyohivyo, miguu ndani ya maji na miavuli juu. Nilimkuta Nanyama kati ya magunia, anachambua nyanya: nzima huku, zilizopondeka kule. Binamu yake Nakhisa ndiye aliyeniona kwanza.

"He! Karani amekuja soko!"

Nanyama hakuinua kichwa. "Mama Akot. Unataka nyanya ama unataka kuniangalia?"

Nilikuwa nimepanga kumwita pembeni. Nikaacha. Nilisema pale pale, watu wakisikia, mama mmoja na kabeji mkononi amesimama kabisa ili asikose. Funguo zilikuwa nne. Niliandika kabla. Nimemwambia Okwera, nimeandika kitabuni, kesho wananiita ofisini kwa mwenye ghala.

"Nne," amesema.

"Nne."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Ulijua leo ama ulijua siku hiyo?"

"Siku hiyo. Simu ilipolia."

Akaweka nyanya chini taratibu, upande usio wake. Nakhisa akasema, "Wacha nimwagie huyu maji ya mtaro."

"Tulia, kuna wateja." Kisha akanigeukia, na macho yake sikuyajua. "Wiki mbili, Mama Akot. Unajua nimekuwa nikifanya nini? Nahesabu. Nikifunga macho nahesabu ile funguo. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu nasema, ngoja, labda ilikuwa tano. Kitabu ya Adoch haidanganyi. Labda mimi ndio kichwa yangu imeharibika. Nilienda hata kuombewa! Pasta aliniwekea mikono, eti pepo la kusahau litoke!"

Yule mama wa kabeji akasema, "Yesu!"

Sikuwa nimelifikiria hili. Nilidhani nimemnyang'anya kazi. Sikujua nimemnyang'anya na kumbukumbu yake mwenyewe.

Nikasema naomba unisamehe.

"Leo Jumapili, wateja ni wengi. Msamaha haiko kwa hii meza." Akanitupia gunia tupu. "Kama umekuja kusimama, simama na kazi. Fungua mdomo wa hiyo."

Nikafungua mdomo wa gunia, nikalishika. Akaziacha nyanya, akawa anamimina kabeji, mimi nashika. Gunia la kwanza, la pili, la tatu. Jua likapanda. Kuna muda sikusikia kelele za soko tena, nilisikia tu kabeji zikianguka ndani, moja juu ya nyingine, sauti nzito ya taratibu. Sikuwaza kesho. Sikuwaza kwamba nasamehewa, kwa sababu sikuwa nasamehewa. Nilikuwa nashika gunia. Mikono iliuma vizuri.

Nilipoaga, Nakhisa alitazama pembeni. Nanyama aliuliza, "Saa ngapi kesho?"

"Saa tatu."

"Nitakuja. Si kwa ajili yako."


Jumatatu, 24 Machi

Asubuhi: manyunyu na jua kwa pamoja. Mabati ya Kibuli yote yanatoa mvuke, mlima unaonekana kama unapumua.

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya mwenye ghala. Sasa ni saa tatu na dakika kumi na mbili. Afande Okwera ameingia na kitabu kwapani, mlango umefungwa. Sauti zinasikika, maneno hayasikiki. Mara moja nimesikia jina langu, mara mbili la Nanyama.

Nimekuja na gauni la kanisani. Yunifomu iko kwenye mfuko, nimeikunja, sikujua kama ni ya kuvaa au ya kurudisha. Mama aliniangalia asubuhi nikitoka, akasema tu, "Ukirudi na kazi, leta mkate. Ukirudi bila kazi, leta mkate."

Nanyama amekuja na yunifomu yake. Ameipiga pasi, mistari imesimama. Amekaa mwisho wa benchi. Kati yetu kuna nafasi ya mtu mmoja, na mkoba wake ndani ya nafasi hiyo.

Woga upo. Lakini uko mahali pake, haujapanda kichwani. Naona mvuke unavyopanda na kupotea. Karani wa mwenye ghala amepita na chai, hakutuangalia. Abubaker ameinua mkono kutoka ng'ambo.

"Unaandika nini?" Nanyama ameuliza, bila kunigeukia.

"Yaliyotokea."

"Ya saa hii ama ya kesho?"

Nimecheka. Yeye hakucheka. Lori moja limepita.

"Jana ulilala?"

"Nililala."

"Saa ngapi?"

Nilifikiria kumdanganya kidogo, kwa huruma. "Saa tatu usiku," nimesema.

Ametikisa kichwa polepole, macho kwenye mlango. "Mimi saa nane. Juzi saa tisa. Andika hiyo pia."

Mlango umefunguliwa nusu. Naona mkono wa afande kwenye kitasa, bado anaongea na mtu aliye ndani. Nanyama amesimama, ananyoosha sketi. Ananingoja, au anaungoja mlango, sijui.

Nimeandika: Nanyama, saa nane usiku.